Grisi ya Bluu

Vumbi lake alilijua. Mengine yote yalikuwa vumbi tu: vumbi la malori ya saruji, vumbi la ng'ombe wa mnada, vumbi la watu wanaokwenda na watu wanaorudi. Lakini lile lililotoka upande wa Kisaju, jembamba, lililonyooka, lililoshika njia ya mbugani na kuikwepa lami, hilo lilikuwa na mwenyewe. Joram aliliona likiwa bado mbali, akaweka spana chini, akapangusa mikono, kisha akaichukua tena spana ile ile ili asionekane kuwa alikuwa akingoja.

Ulikuwa mwaka ule uliofuata kiangazi kikubwa. Mvua ilirudi Kajiado kwa aibu, ikanyesha kidogo, ikaondoka. Mifupa ya ng'ombe ilikuwa bado inang'aa kando ya njia, na vumbi lilikuwa limezoea kukaa juu ya kila kitu, juu ya mabati, juu ya kope, juu ya maziwa ambayo mtu amesahau kuyafunika. Lori likipita mbele ya gereji pale Kitengela, Joram alifunika glasi yake ya chai kwa kiganja. Vumbi la Nashipae likifika, kiganja kilikaa pale pale kilipokuwa, na chai aliinywa hivyo hivyo.

Mama Hilowle, aliyeuza chai na anjera, ile mikate laini ya Kisomali, kwenye kibanda kilichopakana na gereji, aliliona jambo hilo zamani. Aliona mengi, mama yule, na hakuwa mtu wa kukaa na neno mpaka limvimbishe tumbo.

"Fundi," alimwambia siku moja, "hiyo vumbi unakunywa itakumaliza."

Joram alijifanya hakusikia. Hakuwa mume wa Nashipae. Hakuwa mchumba wake. Hakuwa hata mtu wa kutumiwa salamu siku ya sikukuu. Alikuwa fundi wake tu.

Nashipae alikuwa akitibu ng'ombe. Watu wa mbugani walimwita daktari, ingawa mwenyewe alisema yeye ni wa sindano na chanjo, madaktari wako ofisini. Alivaa buti za mpira na shanga za mama yake, akafunga boksi la chanjo nyuma ya pikipiki, akazunguka boma hadi boma kutoka Kitengela mpaka Kajiado, na kila juma alipanda Kajiado mjini kuchukua dawa. Katika kile kiangazi alikuwa akifika mahali anakuta ng'ombe wamelala, na mwenye ng'ombe amekaa katikati yao. Alikuwa akipita kwa Joram kutoka huko, anaomba maji, anakunywa akiwa amesimama. Macho yake siku hizo yalikuwa mekundu, na Joram hakujua kama ni vumbi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kubwa, nyeusi, ya Kijerumani, ya miaka ya sabini, silinda zake mbili zimetokeza mbavuni, moja huku, moja huku, kama mama aliyeshika kiuno. Mzee Kuntai, baba yake Nashipae, aliinunua kwenye mnada wa magari yaliyochoka ya serikali. Magoti yalipomkataa, alimpa binti pikipiki badala ya kumpa mwana wa kiume. Maneno yalisemwa sana pale nyumbani, kisha yakachoka, na binti akaendelea kuiendesha.

Sasa tuelewane kuhusu klachi, maana hapo ndipo maneno yote yalipo. Pikipiki nyingine zilizopita mikononi mwa Joram, zile ndogo za Kijapani za walimu na maafisa wa kilimo, zilikuwa na klachi inayooga mafuta. Inaishi ndani ya oili, inafanya kazi ndani ya oili, na ukiinyima oili inakufa. Hii ya Nashipae ilikuwa na klachi kavu, kama ya lori. Sahani moja imekaa gizani kati ya injini na giaboksi. Injini inazunguka, giaboksi inangoja, na sahani ikibanwa katikati ndiyo inayopeleka nguvu kutoka huku kwenda kule.

Inashika kwa sababu ni kavu. Mafuta yakiifikia inateleza. Injini inalia na gurudumu halisikii. Klachi kavu haitaki mafuta. Joram alikuwa akiwaambia mafundi wenzake maneno hayo kwa sauti ya mhubiri, kidole juu, na wenzake walikuwa wakiyarudia nyuma yake kwa kucheka.

Siku hiyo vumbi halikunyooka. Lilikuja kwa vipande, likapanda, likakatika, likapanda tena. Halafu sauti ikafika, na Joram akasimama wima. Injini ilikuwa ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, kama mtu anayegomba peke yake chumbani. Pikipiki iliingia gerejini taratibu, ikiwa imebeba harufu ya kitu kilichoungua.

Nashipae alivua kofia, akajipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Sopa, fundi."

"Epa," Joram akaitikia salamu hiyo ya Kimaasai.

Akaeleza. Juzi, kwenye kile kilima cha kuingia Kajiado, pikipiki ilimgomea. Hakuwa na mzigo, ila boksi la chanjo na yeye mwenyewe. Alitia gia ya tatu, akatia ya pili, injini ikalia mpaka watu wakageuka, na pikipiki ikasimama katikati ya kilima huku mbuzi wakimpita. Alieleza akicheka kidogo. Joram hakucheka, maana alikuwa tayari ameinama.

Aliiwasha, akaiweka gia ya juu, akabana breki, akaachia klachi polepole. Klachi nzima ingeiua injini papo hapo. Injini hii iliendelea kuzunguka, haina habari. Basi, inateleza. Akaenda kwenye mkono wa klachi, akaufuata kwa kidole mpaka pale chini kebo inapoingia, pale kwenye nati ndogo ya kukazia, nati aliyoijua kama anavyojua jino lake bovu.

Nati ilikuwa na alama za meno ya plaisi. Joram hakuwahi kugusa nati kwa plaisi maishani mwake.

Mtu mwingine alikuwa amepita hapo.

Akapitisha kidole juu ya alama zile. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Nani ameshika hapa?"

"Ni Abdiaziz," Nashipae akasema. "Fundi wa malori, pale Kajiado. Alinikuta nimekwama kwa hiyo kilima. Akalegeza hiyo kebo kidogo tu, ikapanda. Ako na mkono mzuri."

Ako na mkono mzuri. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayesema mvua itanyesha jioni, akaomba maji, akanywa akiwa amesimama. Akaiacha pikipiki, akafungua boksi lake la chanjo kutoka nyuma, akadandia pikapu iliyokuwa ikipeleka nyasi Kisaju. Akapunga mkono. Vumbi la pikapu likaja, na Joram akalitazama bila kujua alifanye nini, maana lilikuwa la pikapu na lilikuwa la Nashipae pia.

Tuseme ukweli na tumalize: Joram aliona wivu. Aliona wivu mpaka mate yakawa machungu. Miaka yote ile mkono wake tu ndio uliogusa mashine ile. Kila boliti aliifunga yeye. Kila waya aliukunja yeye, upande wa kushoto, kwa sababu ndivyo alivyokunja. Alikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, alichonunua sokoni huku wauzaji wakimuuliza mke ni nani, na kila alipokaza boliti ya pikipiki ile alichora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye kichwa cha boliti mpaka kwenye chuma, ili boliti ikifunguliwa na mtu, mstari ukatike na yeye ajue. Pikipiki za watu wengine hakuzichora. Za watu wengine zilikuwa kazi.

Ako na mkono mzuri. Na mimi je, alijiuliza, mimi niko na mkono gani?

Abdiaziz mwenyewe, Joram hakuwahi kumwona. Kwa hiyo ilibidi amtengeneze mwenyewe, na alimtengeneza vizuri mno. Akamfanya mrefu. Akampa meno meupe na sauti ya chini. Akampigisha goti kwenye kile kilima, kichwa kikiwa karibu na buti za Nashipae, akamtia maneno mdomoni, maneno mazuri ambayo yeye Joram alikuwa ameyakosa miaka yote hiyo. Akamfanya Nashipae acheke. Halafu, akiwa amemkamilisha mtu huyo kila kiungo, akamchukia.

Mchana wa siku ile alikwenda kwenye kibanda cha Mama Hilowle, palipojaa madereva wa malori ya Namanga, akakaa katikati yao na kusema kwa sauti ya kusikika kuwa kuna fundi mmoja wa malori huko Kajiado, anaitwa Abdiaziz, ameifungua pikipiki ya yule daktari wa ng'ombe na kuimwagia mafuta kwenye klachi. Ameiua. Watu wasiojua kazi, alisema, wakae na matairi. Madereva wakatikisa vichwa. Madereva wa barabara ile hubeba maneno kuliko wanavyobeba saruji, na Joram alilijua hilo alipokuwa akisema.

Mama Hilowle alimwekea chai. "Umefungua?"

"Bado."

"Basi umejuaje?"

"Najua."

Mama Hilowle akapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Asubuhi alianza kufungua. Akatoa betri, akatoa boksi la hewa, akalegeza gurudumu la nyuma na shafti yake. Akalala chali chini ya mashine akiwa na spana mkononi na Abdiaziz kichwani. Alifungua boliti za giaboksi moja baada ya nyingine, kwa nguvu, kwa hasira, akazitupa kwenye sufuria. Vipande vidogo vyekundu vilimdondokea kifuani, na hakuviona. Alikuwa akizungumza na mtu asiyekuwepo.

Giaboksi ikarudi nyuma, nzito. Klachi ikatokea mchana.

Kila fundi wa klachi kavu anajua kwamba hapo haraka haisaidii. Ukikuta unyevu, kwanza unanusa. Ikiwa ni oili ya injini iliyopenya sili ya nyuma, ile pete ya mpira ya kuizuia, ni nyeusi na inanuka moto. Ikiwa ni oili ya giaboksi, ni nzito na inanuka yai viza. Joram alipitisha kidole kwenye sahani. Kidole kilitoka kimelowa. Haya, alisema moyoni kwa furaha mbaya. Haya, Abdiaziz. Akaleta kidole puani.

Hakikunuka moto. Hakikunuka yai.

Akakisugua kidole na kidole. Ilikuwa laini, inanata, inavutika. Akatoka nje, kwenye jua, akafungua vidole. Chini ya masizi, rangi ilikuwa bluu.

Grisi ya bluu ilikuwa moja tu kati ya Kitengela na Kajiado, na ilikuwa ndani ya kopo lililofichwa nyuma ya meza yake. Aliletewa na Ngugi, rafiki yake aliyefanya kazi kwenye mitambo ya Magadi, kule ambako joto linapasua midomo na grisi za kawaida zinayeyuka kama siagi. Hii haikuyeyuka. Joram aliiweka kwa ajili ya pikipiki moja. Hakuwahi kumpakia mtu mwingine, hata alipoombwa, na alikuwa ameombwa.

Akarudi ndani akainama tena. Shafti ya giaboksi ina meno, na sahani hupanda juu ya meno hayo, hucheza mbele na nyuma unapobana klachi. Meno yakikauka kabisa, klachi inagoma. Kwa hiyo unayapaka grisi, lakini kidogo, kidogo sana, kama mtu anavyopaka midomo mafuta wakati wa baridi. Ukizidisha, shafti ikizunguka inaitupa ile ya ziada nje, inatua kwenye sahani, na sahani inaanza kuteleza.

Joram alilijua hilo. Alikuwa amelifundisha, kidole juu. Na ile grisi iliyojaa kwenye meno ya shafti, iliyorundikana, iliyomiminika, alikuwa ameipaka kwa mkono wake mwenyewe.

Alikumbuka siku ile. Kiangazi kilikuwa katikati. Nashipae alikuja kutoka boma la watu wake mwenyewe, na safari hiyo hakuomba maji. Alikaa juu ya tairi kuukuu akatazama chini. Joram alitafuta neno la kumwambia, akatafuta kila mahali, hakulipata. Neno halikuwepo, lakini kopo lilikuwepo. Akaifungua giaboksi ambayo haikuwa na shida kubwa, akapaka meno yale grisi ya bluu, akaongeza, akatazama mgongo wa Nashipae pale kwenye tairi, akaongeza tena. Alipaka kama mtu anayemkanda mgonjwa. Kisha akafunga, akachora mistari yake myekundu, akamwambia iko sawa sasa, na Nashipae akasema asante, fundi, akaenda.

Sasa ndipo alipotazama chini. Kwenye udongo, pale alipokuwa amelala, vile vipande vya rangi nyekundu vilikuwa vimetawanyika. Aliviokota kimoja kimoja kwa ncha ya kidole kilicholowa. Mistari ilikuwa mizima mpaka asubuhi ile. Aliyeikata ni yeye. Abdiaziz hakuwahi kufungua kitu. Alilegeza kebo, klachi ikapata nafasi ya kujibana vizuri kidogo, na Nashipae akafika nyumbani.

Basi alikuwa na mkono mzuri kweli. Hilo ndilo lililouma kuliko yote, na lilimuuma Joram hata pale, hata akiwa ameshika makosa yake kwenye kiganja.

Angeweza kuosha. Petroli kidogo na kitambaa, na grisi ya bluu ingeondoka duniani. Sahani ilikuwa imeungua kwa vyovyote. Angesema imeuawa na mafuta ya fundi wa malori, na nani angebisha? Neno lilikuwa tayari barabarani. Nashipae asingeenda tena kwa yule mtu. Angerudi hapa, hapa tu, kila vumbi lake lingerudi hapa. Joram alichukua chupa ya petroli, akaifungua, akakaa nayo. Harufu ikamjaa kichwani.

Alikuwa bado ameishika aliposikia salamu.

"Salaam aleikum."

Mlangoni alisimama mtu mfupi, mwenye upara unaoanza, ameshika mfuko wa gunia. Hakuwa mrefu. Meno yake yalikuwa na rangi ya chai. Nyuma yake alisimama Nashipae, bila kofia, bila tabasamu, na lori lililowashusha lilikuwa bado linanguruma barabarani.

"Aleikum salaam," Joram akajibu.

Kilichotokea kilikuwa hiki. Madereva walifika Kajiado kabla ya jua kuzama, wakalimwaga neno. Nashipae, aliyekuwa ametoka Kisaju na kwenda huko kwa lori kuchukua chanjo, akalisikia sokoni, akaliamini kwa kuwa limetoka kwa fundi wake, akaenda mpaka gereji ya malori na kumwambia Abdiaziz mbele ya wateja kwamba mtu asiyejua kitu aache kukigusa. Abdiaziz alilibeba mpaka nyumbani. Alilala nalo. Asubuhi alifunga kazi zake, akamtafuta Nashipae, akamwambia twende pamoja huyo fundi wako anionyeshe. Na kwa kuwa fundi ni fundi hata akienda kugombana, mfuko wake wa gunia ulikuwa na nyundo ndogo, ribiti, vile vijisumari vya kugongwa, na kipande cha laini mpya ya klachi, lile gamba linaloshika, alichokata kutoka kwenye sahani ya lori, ikiwa itafaa.

"Nimesikia nimeharibu kazi yako," Abdiaziz akasema. "Nimekuja kuona."

 Kwenye kibanda cha jirani vijiko viliwekwa chini.

Joram alitazama chupa ya petroli. Alimtazama mtu yule mfupi, na akaona ubaya wake wote ulikuwa mmoja tu: kwamba Nashipae alikuwa amesimama karibu naye. Kisha akaweka chupa chini, akaenda nyuma ya meza, akarudi na kopo. Akaliweka juu ya tairi, wazi. Kando yake akaweka sahani.

"Hii grisi ni yangu," akasema. "Hakuna mtu mwingine ako nayo. Wewe hiyo giaboksi hukufungua. Rangi yangu ilikuwa bado nzima, mimi ndiye nilivunja na sikuangalia. Nilikusingizia."

Abdiaziz akachovya kidole kwenye kopo, akakigusisha kwenye sahani, akatazama bluu na bluu. Akakipangusa kwenye suruali.

Nashipae ndiye aliyesema, na sauti yake haikupanda. "Nimemtukana huyu mzee mbele ya watu. Kwa neno yako, Joram."

Hakumwita fundi. Miaka yote ile alikuwa akitamani amwite kwa jina, na sasa lilikuja hivyo.

"Najua."

"Na hii kitu wewe unajua. Wewe ndiye uliniambia, klachi kavu haitaki mafuta. Kwa nini ulipaka nyingi hivyo?"

Kulikuwa na majibu. Angesema alikosea kipimo. Angesema kopo lilikuwa jipya, joto, uchovu, kiangazi. Joram alifungua mdomo kuchukua mojawapo, na lililotoka halikuwa miongoni mwao.

"Kwa sababu ni yako."

Abdiaziz akageuka haraka, akaanza kutafuta nyundo kwenye mfuko ambao haukuwa na vitu vingi. Nje mbwa mmoja alivuka barabara. Nashipae aliitazama sahani iliyolowa, akalitazama kopo, akamtazama mtu yule aliyesimama mbele yake na mikono yenye masizi ikining'inia, naye akaonekana kuelewa mambo mengi kwa pamoja, maji yote yale aliyokunywa akiwa amesimama, chai yote ile yenye vumbi. Uso wake haukukasirika. Haukulainika pia.

"Safari hii," akasema, "paka kidogo."

Basi wakafanya kazi. Sahani ilihitaji laini mpya, na anayejua kugonga ribiti alikuwa Abdiaziz, maana malori humla mtu mikono kwa ribiti. Joram alimpa sahani. Tuseme ukweli tena: kumpa ilikuwa kama kung'oa ukucha. Alikaa akatazama mkono ule ukigonga, ukigeuza, ukigonga, na akatafuta kosa, akalitafuta kwa bidii, hakuliona. Kisha ikawa zamu yake. Klachi ya mashine ile ina alama za rangi nyeupe kwenye vyuma vyake, lazima zikae mbalimbali kwa usawa ili uzito usielemee upande mmoja, la sivyo pikipiki inatetemeka. Abdiaziz hakuzijua, akauliza, Joram akamwonyesha. Akaisimamisha sahani katikati kwa kijiti cha mti wa mutamaiyu alichokichonga mwenyewe. Akachukua grisi ya bluu kwenye ncha ya kidole, kidogo, akapaka meno ya shafti, akakitazama kile kidogo kilivyo kidogo. Akafunika kopo.

Giaboksi waliiinua wawili, mmoja kila upande, pumzi zao zikigongana. Wivu ulikuwepo bado. Ulikuwa umekaa pale pale kifuani, ila sasa ulikuwa na sura ya mtu mfupi mwenye meno ya chai, anayejua kazi, na mtu huyo ni vigumu kumchukia kuliko yule wa kutengeneza. Wakati wa kukaza boliti, Abdiaziz alimwambia Nashipae jambo kuhusu dereva mmoja wa lori na punda, na Nashipae akacheka, kicheko kirefu cha tumboni. Joram alikaza boliti mpaka spana ikalia. Alipomaliza alishika kichupa cha rangi ya kucha, akakitikisa, akakirudisha mfukoni bila kukifungua.

Iliwaka mara moja. Gia ya juu, breki, akaachia klachi, na injini ikafa kama inavyotakiwa kufa. Nashipae akapiga makofi mara moja. Kisha akavaa kofia, akafunga boksi lake, akamwambia Joram kitu kimoja zaidi.

"Kaza springi za nyuma. Nitambeba Abdiaziz, anarudi Kajiado."

Mashine ile ina mkono mdogo kwenye springi za nyuma, unaozungushwa mtu akipakia mwenzake. Miaka yote Joram aliupaka mafuta mkono huo, akausafisha, na hakuwahi kuuzungusha, kwa sababu Nashipae hakuwahi kumbeba mtu. Alikuwa na ndoto yake ndogo kuhusu mkono ule. Akapiga goti, akauzungusha upande huu, akazunguka nyuma ya gurudumu, akauzungusha upande ule. Akainuka, akasema iko tayari.

"Asante, fundi," Nashipae akasema. Alikuwa amemrudishia cheo chake.

Wakaenda. Walishika njia ya mbugani, yeye mbele, Abdiaziz nyuma ameshika mfuko wake kifuani, na mbele yao palikuwa na kile kijito kikavu na ukingo mkali wa kupanda baada yake. Joram alitoka mpaka kando ya barabara. Na kwa muda mfupi, mbaya, mtu huyu aliyejua kazi kuliko wote hapo Kitengela aliomba klachi iteleze. Aliomba kwa moyo wote. Injini ikashuka kijitoni, ikanyamaza kidogo, ikaanza kupanda, na sauti ikapanda na gurudumu likapanda, pamoja, bega kwa bega, hakuna aliyemwacha mwenzake.

Ilishika. Ilishika ikiwa na watu wawili. Joram alisikia fahari na uchungu vikitoka mahali pamoja, akashindwa kuvitenganisha.

Vumbi likainuka. Lilikuwa limenyooka, lisilokatika, nene kidogo kuliko siku zote. Alilitazama mpaka likawa refu kuliko njia yenyewe, na yeye aliyejua kulisoma hakuweza kusema lipi ni la nani ndani yake.

Mama Hilowle alimletea chai pale pale aliposimama, akamshikisha glasi mkononi, akarudi kibandani bila neno, na hilo kwake lilikuwa jambo geni. Upepo uligeuka ukalirudisha vumbi upande wa gereji, polepole, likishuka kama linavyoshuka siku zote. Joram aliliona likija. Akaweka kiganja juu ya glasi.

Lilitua mgongoni mwa mkono wake, likakaa hapo, jekundu juu ya masizi, na hakulipangusa. Alingoja likaisha. Kisha akaondoa kiganja, akanywa. Kumbe chai ya mama yule ilikuwa na iliki.